Kurarua nguo au kurarua kitabu: Neno lina kazi gani hasa kwenye toba?

#1 JiweLaZiwani (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nina dai, lipigeni mawe.

Mikutano ya injili pale viwanja vya Furahisha na kwingineko hapa Mwanza mara nyingi huisha kwa namna moja. Mhubiri anaita, watu wanakuja mbele, wanafuatishwa sala ya toba dakika mbili tatu, wanaandikwa majina, wanawahi daladala. Biblia ilifunguliwa mara moja mwanzoni, ukasomwa mstari mmoja, basi. Dai langu: toba ambayo haikutanguliwa na Neno lililosomwa kwa kirefu na kufafanuliwa ni majuto tu, na majuto hayafiki Jumatano.

Ushahidi ni Nehemia 8 na 9. Ezra alisoma mbele ya lango la maji tangu mapambazuko hadi adhuhuri, Walawi wakieleza maana, siku ya kwanza ya mwezi wa saba. Watu walipoanza kulia walikatazwa, wakaambiwa waende wakale vinono. Maungamo yenyewe yalikuja tarehe 24 ya mwezi huohuo, na 9:3 inatoa kipimo kabisa: robo ya siku kusoma, robo ya siku kuungama na kuabudu. Saa tatu kwa saa tatu. Nani leo anafanya hivyo?

#2 SatoWaKamanga
Saa tatu za kusoma, halafu tatu za kuungama? Na kivuko kitatusubiri?

#3 MzeeWaMwaloni
Mleta mada umechagua mfano mmoja unaokupendeza ukaufanya sheria. Fungua Yona 3. Mahubiri ya Yona kule Ninawi ni maneno matano tu kwa Kiebrania: baada ya siku arobaini Ninawi utaangamizwa. Hakuna kitabu kilichofunguliwa, hakuna Mlawi wa kufafanua, hata neno "tubuni" halimo. Mji mzima ukavaa magunia, ng'ombe wakafungishwa.

Halafu nabii Nathani kwa mfalme Daudi, 2 Samweli 12. Hakusoma Torati. Alipiga hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake. Toba kubwa kuliko zote katika Agano la Kale ilianzishwa na hadithi, si na somo.

#4 KatekistaIgoma
Mzee, heshima yako, ila kwa Nathani umeteleza. Rudi mstari wa 6. Daudi anapohukumu yule tajiri anasema atalipa huyo mwanakondoo mara nne. Ile mara nne ameitoa wapi? Kutoka 22:1: aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza atalipa kondoo wanne kwa mmoja, na ng'ombe watano kwa ng'ombe mmoja. Kwa hiyo Torati ilikuwa tayari kinywani mwake. Nathani alikuja kuiamsha tu. Asiye na kitu moyoni, hadithi ile ingempita kama upepo wa ziwa.

#5 MzeeWaMwaloni
Hapo #4 umenipata nusu. Lakini tafsiri ya Kiyunani ya kale inasema mara saba, si mara nne. Kwa hiyo usijenge ghorofa juu ya tarakimu moja.

#6 BintiBuzuruga
Wote mnabishana kiasi cha maneno, wakati Biblia yenyewe inaonyesha kuwa kiasi si hoja. Kuna baba na mwana ambao kisa chao ningependa kisomwe kabla ya kila sala ya toba.

Baba: Yosia, 2 Wafalme 22, mwaka wa kumi na nane wa kutawala kwake. Hilkia anakiona kitabu cha torati hekaluni, Shafani anakisoma mbele ya mfalme, mfalme anararua mavazi yake, anatuma watu kwa nabii Hulda.

Mwana: Yehoyakimu, Yeremia 36. Mwezi wa tisa, baridi, mfalme ameketi mbele ya moto. Yehudi anasoma gombo la Yeremia. Kila akifika kurasa tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupia motoni, mpaka gombo likaisha.

Sasa angalieni kitenzi. Kiebrania kinatumia neno lilelile, kara, kurarua. Yosia alirarua nguo, Yehoyakimu akararua kitabu. Mwandishi hakuteleza kalamu, kwa sababu mstari wa 24 anaongeza kwamba wala hawakurarua mavazi yao. Wote wawili walisomewa kwa sauti, wote ndani ya nyumba ya kifalme. Kama Neno lingetubisha kwa kiasi cha kurasa, Yehoyakimu angekuwa mlokole.

#7 SatoWaKamanga
Binti Buzuruga, hiyo ya mwisho nimeicheka peke yangu kwenye foleni ya kivuko. Wabeja (asante).

#8 MsabatoWaMagu
Naomba tutenganishe maneno kabla hatujaendelea, maana mleta mada kaweka "toba" upande huu na "majuto" upande ule kama vitu viwili vilivyotiwa uzio.

Kutubu kwetu kumetoka Kiarabu, shina la kurudi. Kiebrania shuv nacho ni kurudi, na mashina hayo mawili ni ndugu. Kiyunani metanoia ni kugeuka nia. Kwa hiyo anayesema "nimetubu" kwa Kiswahili anasema nimerudi, na anayesema kwa Kiyunani anasema nimewaza upya. Nusu ya ubishi wa makanisa uko hapo.

Yuda kwenye Mathayo 27:3 hatajwi kwa metanoia. Limetumika neno jingine, na Biblia yetu ya Kiswahili ya Union imeandika "alijuta", safi kabisa. 2 Wakorintho 7:10 inatofautisha huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu na huzuni ya dunia. Mpaka hapo mleta mada yuko sawa.

#9 KatekistaIgoma
Ila Msabato, neno hilohilo la Yuda ndilo alilotumia Mathayo 21 kwa yule mwana aliyesema hataki kwenda shambani, kisha akaenda. Yeye alijuta akafanya mapenzi ya baba. Kwa hiyo majuto si takataka. Majuto ni mlango, shida ni kukaa mlangoni.

#10 MsabatoWaMagu
Nakubali. Niliwahi mno kufunga hesabu.

#11 KuziliMtulivu
Historia kidogo, kwa sababu tafsiri ya neno moja imewahi kutikisa Ulaya nzima. Vulgata, Biblia ya Kilatini, iliandika "paenitentiam agite", ambayo masikio ya karne zile yalisikia kama "fanyeni kitubio", yaani ile kazi anayokupa padre. Mwanazuoni Erasmus alipotoa Agano Jipya la Kiyunani mwaka 1516, watu wakaona chini ya hayo maneno kuna kugeuka nia. Mwaka uliofuata Luther akaanza hoja zake 95 na jambo hilohilo: Kristo aliposema tubuni alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Kwa hiyo swali la mleta mada, Neno kwanza au toba kwanza, si la Furahisha tu.

#12 KatekistaIgoma
Na ili wengine wasidhani Wakatoliki tulibaki pale: utaratibu mpya wa Kitubio uliotoka Roma Desemba 1973 umeweka somo la Maandiko hata kwa mtu mmoja anayeungama kwa padre. Ni la hiari, ndiyo maana wengi hawajawahi kulisikia. Foleni ya Jumamosi jioni ikiwa ndefu, kinachokatwa kwanza ni somo. Mwenye akili huja amekwisha kulisoma benchini.

Hatua zenyewe kila mtoto wa mafundisho anazijua: kutafuta dhambi, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama, kutimiza malipizi. Kosa kubwa liko hatua ya kwanza. Watu wanatafuta dhambi kwa kumbukumbu peke yake, na kumbukumbu humletea mtu zile dhambi anazozionea aibu, si zile alizozizoea. Chukua Amri Kumi, soma moja, nyamaza, jiulize, nenda ya pili.

#13 NyakatoSokoni
Kwa Amri Kumi za nani? Mitaani tunasema fulani "kavunja amri ya sita" tukimaanisha uzinzi. Hiyo ni hesabu ya Wakatoliki na Walutheri. Kwa Waanglikana, AIC (Africa Inland Church), Wapentekoste na Wasabato, ya sita ni usiue. Kwa hiyo kijana wa AIC akisimama kushuhudia kwamba amevunja amri ya sita, wazee wanatakiwa kuita polisi.

#14 SatoWaKamanga
😂😂 Uzi ufungwe hapa.

#15 JiweLaZiwani
Usifungwe. Nyakato ametania, lakini kagusa jambo: ungama kwa maneno ya tendo, si kwa namba. "Niliiba", si "nilivunja ya saba".

Turudi. BintiBuzuruga na Mzee wameonyesha kuwa wingi wa kurasa si dawa. Sawa. Basi mtu afanyeje na Biblia mkononi? Nataka hatua, si nadharia.

#16 BintiBuzuruga
Zaburi 51, kwa Union. Ina mistari 19, ukiisoma kwa sauti bila haraka ni kama dakika tatu. Usiisome mara moja ukafunga.

Mara ya kwanza soma yote bila kusimama. Mara ya pili tazama mistari 1 na 2 tu. Kuna majina matatu ya kosa: makosa, uovu, dhambi. Kiebrania yanatofautiana. La kwanza ni uasi, kuvunja uaminifu kwa mtu. La pili ni upotovu, kitu kilichopinda. La tatu ni kukosa shabaha. Andika pembeni tendo lako moja chini ya jina linalolifaa. Wengi huandika kila kitu chini ya la tatu kwa sababu linaonekana jepesi: nilikosea tu, niliteleza. Hapo ndipo panapoharibika.

Halafu vitenzi: uyafute, unioshe, unitakase. Hicho cha "unioshe" si kuoga. Ni kitenzi cha kufua nguo, kukanyaga na kugonga. Anayewajua wanaofua pale kwenye mawe ya ziwani, nguo inavyokunjwa, inavyopigwa, inavyokamuliwa na kurudishwa tena majini, ataelewa Daudi anaomba nini. Haombi kunyunyiziwa.

Kisha mstari wa 10, "uniumbie moyo safi". Kitenzi ni bara, kile cha Mwanzo 1:1, na katika Agano la Kale mtendaji wake ni Mungu tu. Kwa hiyo kufanywa upya si kukarabati moyo wa zamani. Ukifika hapo acha kuahidi. Watu wengi hapa huanza kuweka nadhiri: sitarudia, nitafunga siku saba, nitatoa kiasi fulani. Zaburi haina nadhiri ya kutorudia hata moja. Ina maombi. Ahadi zake, kuanzia mstari wa 13, ni za kufundisha wengine na kusifu.

#17 KuziliMtulivu
Nyongeza kwa wanaotumia tafsiri nyingine: Kiebrania kinahesabu kichwa cha habari, kile cha Nathani na Bathsheba, kuwa mistari miwili. Biblia zinazofuata hesabu hiyo zina mistari 21, na "uniumbie moyo safi" ni wa 12. Na kwenye vitabu vya zamani vya Kilatini zaburi yenyewe ni ya 50. Kikundi kikichanganya Biblia, taja maneno ya mstari, siyo namba peke yake, vinginevyo dakika kumi zinakwisha mkitafutana.

#18 MzeeWaMwaloni
Zaburi 51 nzuri, ila wengi hapa ziwani hawana hizo dakika za utulivu. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku kwenye taa, mchana wanalala au wanaanika. Vikundi vinavyopanga somo Jumapili saa nne vinashangaa kwa nini vijana hawaji.

Tumieni mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti dagaa, mitumbwi inakaa pwani siku kadhaa. Zaburi za toba za mapokeo ni saba: 6, 32, 38, 51, 102, 130, 143. Moja kila jioni, wiki ya mbalamwezi. Mwezi ujao mnarudia. Kwa mwaka mtu amezipita zote mara kumi na mbili, na zinaanza kumtoka bila kitabu.

#19 NyakatoSokoni
Mzee, hili ni bora kuliko miongozo mingi iliyochapwa. Rekebisho dogo: hazilingani. Ya 130 ina mistari 8, ya 102 ina 28. Ukiweka 102 baada ya siku ya kuvuta mitumbwi na kushona nyavu, nusu watasinzia. Igaweni: 1 hadi 11 kilio, jioni ya kwanza; 12 hadi 28 matumaini, jioni ya pili, na hiyo ya pili malizieni kwa 130. Asiyesoma vizuri awekewe sauti kwenye simu. Warumi 10:17 inasema imani chanzo chake ni kusikia, haisemi kusoma.

#20 MsabatoWaMagu
Mapokeo ya hizo zaburi ni ya zamani sana. Possidio, rafiki wa Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, ameandika kuwa Agostino alipokuwa anakufa kule Hippo mwaka 430 aliagiza zaburi za toba za Daudi ziandikwe na kutundikwa ukutani kando ya kitanda, akawa anazisoma na kulia.

#21 MzeeWaMwaloni
Na Agostino huyohuyo ni shahidi wangu. Siku aliyoongoka, kule Milano mwaka 386, alifungua Maandiko akasoma mistari miwili tu, Warumi 13:13-14, akasema hakutaka wala hakuhitaji kuendelea. Mistari miwili! Saa tatu za mleta mada ziko wapi?

#22 JiweLaZiwani
Ziko nyuma yake. Alikuwa amemsikiliza askofu Ambrose akihubiri Jumapili kwa Jumapili. Kuni zilipangwa muda mrefu, wewe unahesabu njiti ya kiberiti.

#23 NgazuWaIlemela
Mmeongea Kiyunani na Kiebrania, hakuna aliyegusa mfuko. Kwenye Maandiko toba ina hesabu.

Walawi 6:1-7 na Hesabu 5:5-8: aliyedhulumu aungame, arudishe mali yote, aongeze sehemu ya tano, na arudishe kwanza ndipo alete sadaka. Wengi wetu tunafanya kinyume: fungu nono kanisani, aliyeibiwa hajui kitu.

Chukua mfano wa sokoni. Kisado (kopo la kupimia) kilichobonyezwa kitako kwa ndani. Ukikitazama kwa juu kimejaa, dagaa wamepanda mpaka kilele, lakini chini kuna mwinuko kama chungu kilichogeuzwa. Tuseme kinapunguza sehemu ya kumi. Muuzaji ameuza visado 300. Amewapunja watu visado 30. Kwa Walawi anadaiwa 30 na sehemu ya tano yake, yaani 36. Kwa kipimo cha Zakayo mtoza ushuru, Luka 19:8, mara nne, ni 120.

Na kabla ya yote kile kisado kitobolewe. Waefeso kwenye Matendo 19:19 walichoma vitabu vya uganga vya thamani ya fedha hamsini elfu, hawakuviuza wakatoa fungu la kumi. Mwenye kutubu akamuuzia jirani kisado kile kwa bei nafuu amehamisha dhambi, hajaiacha.

#24 BintiBuzuruga
Ngazu umepiga penyewe. Swali: wateja wa hivyo visado 300 hawajulikani, wengine wamesharudi Shinyanga. Atamlipa nani?

#25 KatekistaIgoma
Hesabu 5:8 ina jibu la karibu: aliyedhulumiwa akiwa hana jamaa wa kupokea, malipo ni ya BWANA, yanakwenda kwa kuhani. Mapokeo yetu yanasema wape maskini. Zakayo naye anatoa nusu ya mali kwa maskini kwanza, ndipo anataja mara nne kwa anaowajua. Wengine wanaona ile nusu ni kwa ajili ya hao wasiojulikana.

#26 KuziliMtulivu
Hilo la nusu ni dhana tu, Luka hasemi. Na vitenzi vya Zakayo vya Kiyunani viko wakati uliopo, "ninatoa, ninarudisha". Kuna wanaosoma kwamba alikuwa anajitetea kuwa ndivyo afanyavyo siku zote, si kwamba anatubu hapo. Mimi sikubaliani nao, maana Yesu anajibu kwa "leo", lakini hoja ipo.

#27 MsabatoWaMagu
Kuhusu kuungama hadharani, kwa sababu kanda hii ina urithi wa Uamsho wa Afrika Mashariki uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Ndugu wa Uamsho walijenga juu ya 1 Yohana 1:7, kutembea nuruni, mtu akitaja dhambi yake mbele ya wenzake. Yakobo 5:16 pia. Ni chombo chenye nguvu, na kinakata mikono pia.

Makosa ninayoyaona ni matatu. Mtu anaungama dhambi ya mwenzake ndani ya yake ("nilizini na mke wa..."). Mtu anaungama kwa mapana kuliko kosa lilivyoenea. Na kikundi kinapenda vionjo, wiki ijayo mtu anatia chumvi ili ushuhuda unoge. Mzunguko wa maungamo usizidi mzunguko wa kosa. Uliyemkosea mmoja, nenda kwa mmoja.

#28 MzeeWaMwaloni
Wazee wa Uamsho wangekubishia. Wao wangesema kificho ndicho chakula cha dhambi, na ukiwapa watu mwanya wa "mzunguko" kila mmoja atauchora mdogo.

#29 NyakatoSokoni
Wote mko sahihi kwa watu tofauti. Kuna anayehitaji mwanga na kuna anayehitaji pazia.

Mimi nashika Warumi 12:2. "Mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu." Kitenzi ni cha kutendwa, na ni cha kuendelea. Hujigeuzi, na hugeuzwi mara moja. Ndiyo maana sala ya dakika mbili sioni ubaya wake kama ni ya kwanza. Ubaya ni ikiwa ya mwisho. Yule aliyeandikwa jina Furahisha apewe kitu cha kusoma Jumatatu, na asianzishwe Mwanzo 1 akaambiwa aendelee, maana Walawi watamkwamisha. Marko sura moja kwa siku, siku 16, na Zaburi 32 kila usiku kabla ya kulala. "Niliponyamaza, mifupa yangu ilichakaa." Huyo atarudi na maswali.

#30 JiweLaZiwani
Napunguza dai langu, silifuti. Saa tatu si sheria. Lakini bado nasema mtu asiyesomewa hajui alipe mara nne au nyongeza ya tano. Atalia tu.

#31 MzeeWaMwaloni
Na Ninawi?

#32 JiweLaZiwani
Ninawi soma Nahumu, Mzee. Waliangamia baadaye.

#33 MzeeWaMwaloni
Yesu kwenye Mathayo 12:41 anawasimamisha Ninawi siku ya hukumu kuwahukumu waliosomewa maisha yao yote. Twende taratibu.

#34 SatoWaKamanga
Ngazu, kuhusu #23: na aliyenunua kisado kile bila kujua, akakitumia miezi sita, ndipo akagundua mwinuko ule wa kitako. Naye anadaiwa tano ya juu?

#35 NgazuWaIlemela
Walawi 5:15-16 inaongelea aliyekosa pasipo kukusudia katika vitu vitakatifu, naye analipa na tano juu. Ila hivyo ni vitu vya BWANA, si dagaa. Katekista, njoo hapa.

#36 KatekistaIgoma
Nipo. Kwa kipindi ambacho hakujua, arudishe alichopunja tu. Kuanzia siku aliyoona mwinuko ule akaendelea kupima, ndipo tano inaanza kuhesabiwa. Aanze kwa kuulizwa aliona lini.